Kichanja na Beri: Historia ya Mmea Usioweza Kusimama Peke Yake

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda akiulizwa maana ya neno kichanja, mara nyingi atataja kitu kimoja tu: kile kijukwaa cha fito kilicho nyuma ya jiko, ambacho sahani na sufuria huanikwa juu yake zikauke, na ambacho Waganda hukiita akatandaalo. Jibu hilo ni sahihi, ila ni fupi. Chanja, kichanja na uchanja ni majina ya jamii moja, na yote yahusu fito zilizopangwa na kufungwa pamoja ili zibebe kitu: samaki wanaokaushwa, nafaka inayohifadhiwa, vyombo vinavyoanikwa. Wakulima wa mizabibu na wa pesheni wamelipa neno hilo kazi nyingine tena. Kwao kichanja ni kiunzi cha nguzo na fito, au cha nguzo na waya, ambacho mmea utambaao hufungiwa ili usilale chini.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya kichanja cha namna hii ya mwisho, hasa kile cha uani kinachobeba mimea ya beri. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili lahusu nini walimu wa lugha. Lilitujia darasani. Tuliwataka wanafunzi wa kidato cha pili waandike insha juu ya matunda ya porini waliyowahi kula. Miaka ishirini iliyopita, somo kama hilo halikukosa kurasa zilizojaa enkenene, yaani beri nyeusi na nyekundu zenye miiba ziotazo kandokando ya njia na pembezoni mwa misitu ya nyanda za juu. Safari hii waliozitaja walikuwa wachache, na wengine waliuliza enkenene ni kitu gani. Jirani zetu wa Rwanda huziita inkeri. Tukaona kwamba tunda linapotoweka njiani, jina lake nalo huanza kutoweka vinywani. Ndipo tulipoanza kuuliza: ni kitu gani huliwezesha tunda la porini kuhamia nyumbani na kudumu? Kwa jamii hii ya matunda, historia yatoa jibu moja mara kwa mara, nalo ni kichanja na mtu wa kukitunza.

Alama katika maandishi ya Wamisri

Mmea wa kwanza tunaoweza kuufuata kwa ushahidi mzuri ni mzabibu, ambao tunda lake, kwa elimu ya mimea, nalo ni beri. Katika makaburi ya Thebes nchini Misri zimo picha zilizochorwa ukutani zipatazo miaka 3,400. Katika kaburi la Nakht twaona watu wakichuma zabibu chini ya kichanja kilichojaa majani, na kando yao wengine wakizikanyaga zabibu kwa miguu ili kupata maji yake. Katika kaburi la Sennefer, aliyekuwa mkuu wa mji huo, mchoraji aliipamba dari kwa matawi na vichala vya zabibu, hata aingiaye humo hujiona amesimama chini ya kichanja.

Lakini ushahidi unaotupendeza zaidi sisi walimu wa lugha ni ule wa maandishi yenyewe. Wamisri waliandika kwa alama za picha, na mojawapo ya alama hizo ni mzabibu uliobebwa na miti. Alama hiyo iliwekwa mwishoni mwa maneno kama vile divai na mtunza bustani, si kwa kutamkwa, bali kwa kumwonyesha msomaji kwamba neno alilolisoma ni la jamii ya matunda na bustani. Kwa namna fulani twaweza kuilinganisha na ngeli zetu, ambazo nazo hulipanga neno katika jamii yake. Yafaa tutambue jambo hili: Wamisri walipotaka kuuchora mzabibu hawakuuchora peke yake ukitambaa mchangani. Waliuchora pamoja na tegemeo lake. Kwao mmea na kichanja vilikuwa kitu kimoja.

Gharama ya nguzo

Warumi ndio waliotuachia maelezo marefu zaidi. Varro, aliyeandika kitabu chake cha kilimo mwaka 37 kabla ya Kristo akiwa mzee wa miaka 80, alitaja aina za mizabibu kwa kufuata tegemeo lake. Ipo iliyoachwa chini bila tegemeo, na ipo iliyosimamishwa kwa miti. Hata ile miti ya kukingama, alisema, hutofautiana mahali kwa mahali: huku hutumia nguzo, kule matete, kwingine kamba, na kwingine matawi ya mizabibu yenyewe yaliyofungwa kutoka mti hadi mti. Baada yake, Plinio naye, aliyefariki mwaka 79 baada ya Kristo, aliorodhesha aina tano, tangu mzabibu unaotambaa ardhini hadi ule uliotandazwa juu ya kiunzi chenye pande nne.

Varro hakuwa mtu wa kusifu tu. Alikiri kwamba katika siku zake walikuwako watu walioamini kuwa shamba la mizabibu hula faida yake lenyewe kwa gharama zake. Shauri lake kwa mkulima lilikuwa la busara, nalo latufaa hata leo: shamba lisilo na miti wala matete yake huwa mzigo, kwa hiyo anayetaka kupanda kitambaacho na aanze kupanda kitakachokibeba.

Neno lenyewe la Kifaransa kwa kichanja, treillis, lina asili ya Kilatini, na asili hiyo yahusu kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi tatu. Aliyekiona kichanja kwa mara ya kwanza na kukipa jina la nguo hakukosea. Fito zikipishana, na kamba zikipita kati yake, kichanja hufanana na ufumaji: tofauti ni kwamba uzi wa mwisho katika ufumaji huo ni mmea, nao hujifuma wenyewe ukisaidiwa kidogo.

Kwa karne nyingi vifaa vilikuwa vile vile: miti, matete, kamba. Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 19, viwanda vilipoanza kutoa kwa wingi waya wa chuma uliopakwa zinki ili usipate kutu. Tangu hapo nguzo chache zilitosha kubeba mstari mrefu, na mtu wa kipato cha kawaida aliweza kujenga kichanja uani kwake bila kukata msitu mzima. Yafuatayo yote yametokea katika zama hizo za waya.

Hakimu na bustani yake

Twende sasa Marekani, katika mji wa Santa Cruz, jimbo la California. Huko aliishi James Harvey Logan, aliyezaliwa mwaka 1841 na kufariki mwaka 1928. Kwa kazi alikuwa hakimu. Ukulima ulikuwa mapenzi yake ya baada ya kazi. Katika bustani ya nyumbani kwake alitaka kupata beri nyeusi iliyo bora kwa kuchanganya aina mbili za beri nyeusi. Jirani na mimea hiyo, katika bustani ile ile, palikuwa na rasiberi nyekundu. Mwaka 1881 alizipanda mbegu zilizotokana na matunda ya mimea yake. Kati ya miche iliyoota, mmoja ulikuwa tofauti na mingine: ulikuwa na umbo la beri nyeusi na rangi ya rasiberi. Kumbe nyuki hawakujali mipango ya hakimu. Chavua ya rasiberi ilikuwa imeingia palipokusudiwa mwingine. Mmea huo ukaitwa beri ya Logan.

Mama wa mmea huo alitokana na beri ya porini ya pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo hutambaa ardhini kama kamba. Mtoto alirithi tabia hiyo. Mashina yake ni marefu, membamba, nayo hayawezi kusimama. Yakiachwa chini hukumbatia magugu, matunda huoza kwa unyevu, na ncha za mashina zikigusa udongo hutoa mizizi na kuanza mmea mwingine, hata baada ya misimu michache bustani yote ikawa kichaka. Yakifungwa juu ya waya hupata jua na hewa, na mchumaji huyaona matunda bila kuchanwa na miiba.

Hapa hatuna budi kueleza tabia moja ya jamii hii, ambayo wataalamu huiita Rubus, kwa kuwa kichanja chake hakieleweki bila tabia hiyo. Mzizi huishi miaka mingi, lakini shina huishi miaka miwili tu. Katika mwaka wa kwanza shina hukua na kurefuka bila kuzaa. Katika mwaka wa pili huchanua, huzaa, kisha hufa. Kwa hiyo juu ya kichanja kimoja wapo daima wazee wanaozaa na vijana wanaojiandaa. Kazi ya mtunzaji ni kuwakata wazee baada ya mavuno na kuwafunga vijana mahali pao. Akiacha mwaka mmoja, wafu na walio hai huchanganyika, na kuwatenganisha huwa kazi ya damu na miiba.

Mimea iliyookolewa katika magugu

Kisa cha pili ni cha Rudolph Boysen, ambaye katika miaka ya 1920 alipata, huko huko California, beri kubwa ajabu, nyekundu iliyoiva kuelekea weusi. Beri ya Logan hutajwa katika nasaba yake. Lakini Boysen hakuiendeleza. Aliacha majaribio yake, akaliuza shamba, na mimea ikabaki huko bila mtu.

Habari za beri hiyo kubwa zilimfikia George Darrow, mtaalamu wa matunda wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 alimwendea Walter Knott, mkulima wa beri katika mji wa Buena Park, naye akamsaidia kumtafuta Boysen. Boysen aliwaeleza kwamba amekwisha kuacha kazi hiyo. Wakaenda katika shamba la zamani, na humo, katikati ya magugu, wakakuta mashina machache dhaifu yaliyokaribia kufa. Knott aliihamishia mimea hiyo shambani kwake, akaitunza mpaka ikazaa. Mwaka 1932 alianza kuyauza matunda yake, na tunda hilo lilipohitaji jina, likaitwa kwa jina la Boysen. Leo beri hiyo hulimwa pia mbali na huko, na New Zealand ni miongoni mwa nchi zilimazo nyingi.

Tukipima kisa hiki twaona jambo la kufikirisha. Jina lilikwenda kwa aliyeipata mimea, na ni haki yake. Lakini mimea yenyewe ingalikufa jina lisijulikane, kama asingalitokea mtu wa pili wa kuiinua kutoka kwenye magugu na kuifunga. Kupata ni kazi ya siku moja. Kutunza ni kazi ya kila mwaka. Walimu wa lugha watalielewa hili upesi kuliko watu wengine.

Kazi ya kubuni vichanja haijakoma. Katika miongo ya karibuni mtaalamu Fumiomi Takeda, katika kituo cha utafiti cha Kearneysville, jimbo la West Virginia, alikiendeleza kichanja cha beri nyeusi chenye mikono inayozunguka. Wakati wa baridi kali mikono hulazwa karibu na ardhi, mimea ikafunikwa isiuawe na barafu. Baada ya kuchanua, mikono huinuliwa na kugeuzwa, matunda yakaning'inia upande mmoja ambako mchumaji huyafikia kwa urahisi. Kwa Mmisri wa kale kichanja kilikuwa cha kuinua. Kwa wakulima wa nchi za baridi sasa kinajua pia kulala.

Kichanja chetu kilichoanguka

Baada ya insha zile tulizozitaja, sisi na wanafunzi wachache tulipanda mlimani siku ya Jumamosi, tukachimba miche sita ya enkenene, tukaipanda nyuma ya nyumba. Tukajenga kichanja kwa miti mibichi ya mkaratusi na kamba za katani. Msimu wa kwanza kilipendeza. Msimu wa pili, mimea ikiwa imejaa maua, mvua moja ya usiku ilikilaza chote chini. Asubuhi tulipochunguza tulikuta nguzo zimekatika pale pale zilipoingia udongoni: mchwa walikuwa wamezila. Kamba nazo zilikuwa zimeoza. Mashina mengi yalivunjika, na mavuno yale hatukuyaonja.

Kosa lilikuwa letu, nasi twalieleza ili wenzetu wasilirudie. Kichanja hupimwa kwa mzigo wa mwaka wa pili, si wa mwaka wa kwanza. Kwa mstari wa mita sita, nguzo mbili za mwishoni na moja ya katikati zatosha, kila moja iwe na urefu wa mita 2.4, na sentimita 60 au 70 zizikwe ardhini. Nguzo za mwishoni ziwe nene kuliko ya katikati, na kila moja iegemezwe gongo la mshazari kwa upande wa ndani, kwa sababu waya ukivutwa huzivuta nguzo hizo zielekeane. Waya mbili zatosha: mmoja kwa sentimita 90 kutoka ardhini, wa pili kwa sentimita 150. Miche mitatu yaenea katika mstari huo. Kichanja kisimamishwe kabla ya kupanda, maana kuchimba mashimo ya nguzo baadaye ni kuikata mizizi iliyokwisha kuenea.

Kuhusu mchwa, dawa bora ni nguzo iliyotiwa dawa kiwandani. Lakini ipo njia nyingine, nayo twaifahamu hapa nyumbani. Wakulima wa vanila wa Mukono hawakusimamisha miti mikavu. Walipanda mbono kaburi, ambao Waganda huuita ekiroowa, ukakua pamoja na vanila na kuibeba. Mti ulio hai hauliwi na mchwa kwa urahisi kama mti mkavu. Shauri la Varro, kwamba apandaye kitambaacho aanze na kitakachokibeba, wakulima hao walikuwa wakilitekeleza bila kulisoma. Nasi tuliposimamisha kichanja cha pili tuliwafuata wao: nguzo tatu za ekiroowa, waya mbili, na vitambaa laini vya kufungia badala ya kamba.

Jambo la mwisho ni wakati wa kufunga. Shina changa la beri hupindika kama utakavyo, likikomaa huvunjika. Samaki mkunje angali mbichi. Wanafunzi wetu sasa huzunguka kichanja kila baada ya wiki mbili, hufunga vilivyorefuka, na baada ya mavuno hukata vilivyokwisha kuzaa. Fundo halikazwi, kwa kuwa shina litanenepa. Huachiwa nafasi ya kupitisha kidole.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba mti unaohitaji kushikiliwa hauna thamani ya mti usimamao wenyewe. Historia tuliyoieleza haikubaliani nao. Zabibu za Nakht, beri ya hakimu Logan, mashina dhaifu yaliyookolewa na Knott: yote ni mimea isiyoweza kusimama peke yake, na yote yametufikia kwa sababu mahali fulani mtu alisimamisha nguzo, akarudi mwaka uliofuata kuitazama.

Enkenene zetu bado hazijapata historia ya namna hiyo. Bado zimo pembezoni mwa misitu, na pembezo hizo hulimwa mwaka hadi mwaka. Hatusemi kwamba kila mwalimu awe mkulima. Twasema kwamba shule iliyo katika nyanda za juu, yenye uwanja mdogo nyuma ya jiko, yaweza kulihifadhi tunda na jina lake kwa nguzo tatu na waya mbili. Msimu uliopita kichanja chetu cha pili kilizaa. Matunda hayakujaza hata bakuli moja, tukawagawia wanafunzi mbili mbili. Kijana mmoja aliyeuliza siku ile enkenene ni kitu gani alikula zake, akanyamaza, kisha akauliza zaitwaje kwa Kiswahili. Tulimjibu kwamba watu husema beri, na kwamba akirudi kwao mlimani amwulize bibi yake kama lipo jina jingine. Twangoja jibu lake, na twawaomba wasomaji wa jarida hili waulize pia kwao.